Kisu cha Dameski na Migomba ya Rosa

Kisu cha Nestori Ntakije hakikuwahi kukata limau. Hakikuwahi kukata nyama yenye chumvi, wala kulala nje, wala kufungua chupa ya soda. Kwa miaka sita mwenyewe alikipangusa kila jioni, awe amekitumia siku hiyo au hakukitumia: kwanza kitambaa kikavu, halafu kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani, halafu kikavu tena. Tone moja, si mawili. Mafuta yakizidi huingia pale bapa linapoungana na mpini, hukusanya vumbi, na kisu kinachoanza kukunjuka kwa kusuasua kimeshaanza kufa.

Ni kisu cha kukunja, kikifungwa kinamezwa na kiganja. Mpini wake ni wa pembe nyeusi, na bapa lina michirizi mithili ya maji membamba yanayopita juu ya mchanga, kijivu ndani ya kijivu. Michirizi hiyo haikuchorwa. Ni vyuma vya aina mbili vilivyopondwa pamoja motoni, vikakunjwa, vikapondwa tena, tabaka juu ya tabaka, kisha bapa likaoshwa kwa tindikali ili tabaka zijitokeze. Nestori alimweleza hayo kila aliyeomba kukishika, na hakumpa mtu kabla ya kumtazama mikono.

Alikipata Kibondo. Kwa miaka minne alikuwa mlinzi na mtunza bustani katika nyumba ya mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuja kuchimba visima kwenye kambi za wakimbizi. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha, mwaka 2018, aligawa vitu vyake: godoro likaenda kwa mpishi, redio kwa dereva, kisu kwa Nestori. Mhandisi alisema ni chuma cha Dameski. Nestori akauliza kama ni Dameski ile ya Paulo. Mhandisi akafikiri kidogo, akajibu kwamba ndiyo, ni ile ile. Kisha akaandika masharti, na dereva akayatafsiri nyuma ya karatasi: kisipitishwe motoni, maana moto huua ugumu wa makali, kisitiwe dawa kali, maana itakula michirizi, kisikae ndani ya mfuko wa ngozi wakati wa mvua, kikaushwe, kipakwe mafuta. Nestori, aliyeishia darasa la saba, aliyashika masharti yale kama alivyoishika katekisimu.

Kwao ni Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Aliporudi, mkewe Leokadia alikitazama kisu, akauliza vitu vingine viko wapi. Miezi ya mwanzo Nestori alikipaka mawese, kwa kuwa ndiyo mafuta yaliyokuwamo nyumbani. Kikaganda, kikanuka mboga, na Leokadia akamshauri akitie kwenye maharage kabisa. Ndipo fundi cherehani mmoja wa sokoni alipomuuzia kichupa cha mafuta mepesi. Tangu hapo kisu kilifunguka kwa mlio mmoja mdogo, tak, ambao majirani waliuzoea. Walimwita Bwana Dameski. Hakuupenda sana utani huo, wala hakuukataza.

Kazi iliyompa jina, hata hivyo, ilikuwa migombani. Kila mkungu ukishamaliza kutoa vichane, chini yake huning'inia ua dume, lile ua la zambarau lenye umbo la moyo. Likiachwa hunyonya nguvu ya mkungu, na wadudu hulitembelea wakiwa na magonjwa miguuni. Kwa hiyo huondolewa. Wengine hulikata kwa panga na kuacha kikonyo kilichochanika. Nestori alilishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu mara moja, na kikonyo kikabaki kimelainika kama kucha iliyokatwa. Kisha akapangusa utomvu papo hapo, kwa sababu utomvu wa mgomba ukikaukia kwenye chuma huacha doa jeusi. Wajane walimwita. Wazee wenye mgongo walimwita. Hakudai ujira, alipewa kichane cha ndizi au chupa ya urwarwa, pombe ya ndizi ya nyumbani, na sifa.

Mwaka 2021 ugonjwa wa mnyauko ulipoanza kusikika katika vijiji vya jirani, afisa ugani wa kata, Shadia, alitafuta mkulima wa kuwafundisha wenzake. Mkutano ulimtaja Nestori kabla Shadia hajamaliza kuuliza. Alipewa semina ya siku tatu mjini Kasulu, kofia, na picha za kubandika ukutani. Alijifunza kwamba mnyauko hauna dawa. Mgomba ukiugua, majani hugeuka njano na kuinama kana kwamba yamepigwa na jua kali, ndizi huiva kabla ya wakati nazo ndani zina rangi ya kutu, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Alijifunza pia kwamba ugonjwa husafiri juu ya chuma: panga lililokata mgomba mgonjwa hukata mzima na kuuachia kifo. Kwa hiyo ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, chuma kisiliguse. Na anayelazimika kutumia chuma akipitishe motoni mpaka kisishikike, au akitumbukize kwenye maji yenye jiki, kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Aliyafundisha hayo vizuri. Alisimama mbele ya watu na panga lake juu ya moto wa mabua, akawaonyesha. Panga alilichoma. Kisu cha jikoni cha Leokadia alikichoma. Cha Dameski alikipangusa.

Hakuwahi kukaa chini akaamua hivyo. Masharti ya Kibondo yalikuwa ya kwanza, ya semina yakaja baadaye, na kichwani mwake hayakukutana. Moto ungeua makali. Jiki ingekula michirizi. Tena kisu hiki hakikuwa na uchafu. Kila mtu aliweza kuona hivyo. Chuma kinachopanguswa mpaka kikarudisha taswira ya uso wako, kitabeba ugonjwa wapi? Shadia alimwona mara moja akikata ua dume kwa kisu akauliza kijiti kiko wapi. Nestori alijibu kwamba amekisahau nyumbani, na Shadia, aliyekuwa na vijiji vitano na pikipiki isiyo na breki za mbele, akaendelea na safari yake.

Oktoba mwaka jana alikwenda Muyama, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Ilikuwa Alhamisi. Watu walikuwa wakikata majani ya migomba ya kufunikia vyakula, na shemeji yake, akimsifu mbele ya wageni, alimwomba apitie migomba na kile kisu chake maarufu, akate majani mazuri na kuondoa maua dume wakati huohuo. Alikwenda. Chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, migomba miwili ilikuwa na majani ya njano yaliyoinama. Shemeji alisema ni ukame. Nestori alitazama majani yale kwa muda wa kutosha kujua, kisha akasikia ngoma zikianza kule juu, akasema ndiyo, mvua zimechelewa kweli, na kisu kikapita hapo pia.

Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulikwepa hata alipojaribu kwa kila njia. Hakupitiwa. Aliona.

Ijumaa jioni alirudi nyumbani. Akapangusa kisu: kikavu, tone moja, kikavu.

Jumamosi asubuhi alikuwa na ahadi ya watu wanne. Wa kwanza alikuwa Rosa Mpawenimana, mjane wa miaka kama hamsini ambaye shamba lake limepakana na la Nestori upande wa juu. Baba yake Rosa aliingia kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mke na mbuzi mmoja. Rosa alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaolewa na kufiwa hapa, na uraia wa familia ulitoka kwa karatasi yenye muhuri anayoihifadhi pamoja na cheti cha ndoa. Mashina yake thelathini na manne ya migomba yalisomesha watoto wawili. Alimkaribisha Nestori kwa salamu ya Kiha, mwakeye, akamfuata nyuma akiokota maua yaliyoanguka. Alimwita kaka. Walizungumza juu ya harusi ya Muyama. Rosa aliuliza kama walikula vizuri.

Kutoka kwa Rosa alishuka kwa Hilali, hakumkuta, akapita. Akaenda kwa Dadi, mwenye duka pale njia panda, ambaye babu yake alitoka Ujiji na ambaye mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Akamalizia kwa Pasikali, mwenyekiti wa kijiji. Saa saba alikuwa nyumbani akinywa uji.

Mwishoni mwa Novemba majani ya Rosa yaligeuka njano.

Kwanza mgomba mmoja, kisha minne, kisha tisa. Nestori aliitwa, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu. Alipasua ndizi moja mbichi mbele ya watu, kwa panga, na ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Akaeleza kwa sauti ya semina kwamba huu ni mnyauko. Kisha mtu mmoja akauliza ugonjwa umeingiaje, na kabla Nestori hajafungua mdomo mwingine akajibu kwamba Mama Rosa alileta machipukizi matatu kutoka Kibondo, kwa kaka yake. Ilikuwa kweli. Aliyaleta mwaka juzi, bila kibali, kwenye gunia juu ya basi. Machipukizi hayo yalikuwa yamesimama pale kando ya choo, mabichi kabisa, hayana hata jani moja lililoinama, na hakuna aliyeyatazama.

Nestori aliyatazama. Akanyamaza.

Wiki iliyofuata ugonjwa ulifika kwa Dadi, halafu kwa Pasikali. Dadi alipoteza migomba sita akawa anatafuta pa kuupeleka uchungu wake. Siku moja Rosa alikuja dukani kununua chumvi, na barazani walikuwapo wanaume kama saba, Nestori akiwa mmoja wao.

"Mama Rosa," Dadi alisema, akipima chumvi bila haraka, "hivi yale machipukizi yako yana pasipoti? Au nayo yaliingia usiku?"

Wanaume wakacheka. Rosa alipokea chumvi yake, akaifunga kwenye pembe ya kitenge, akaondoka. Hakutazama baraza. Kama angetazama angemwona Nestori naye akicheka. Si kwa sauti, kwa mabega tu, kama mtu anayetaka kuhesabiwa katika kundi bila kulipia nafasi.

Usingizi wake uliharibika kuanzia siku hiyo. Alijitafutia utetezi, na utetezi ulikuwapo. Nyuki hubeba mnyauko. Hilo lilikuwa kwenye picha zake mwenyewe za ukutani. Popo nao, ndege nao. Huenda nyuki walitoka mbali na ugonjwa wao, wakashukia kwa Rosa kwa bahati mbaya. Kwa siku mbili aliishi juu ya nyuki hao. Siku ya tatu alikuwa anapalilia mihogo, akainua kichwa, akaona shamba la Hilali. Liko katikati, kati ya Rosa na Dadi. Migomba yake ilikuwa ya kijani, imejaa afya, haina kasoro. Nyuki hapiti kwa Rosa, akamruka Hilali kwa sababu mwenyewe hayupo nyumbani, akaenda kwa Dadi, akamalizia kwa mwenyekiti. Nyuki haombi ruhusa ya mwenye shamba. Hiyo ilikuwa ratiba ya mtu, na mtu huyo alikuwa ameshika jembe.

Kibaya zaidi, migomba yake mwenyewe ilikuwa mizima. Aliondoa maua yake siku ya Jumatano, kabla ya safari. Watu waliopita walisimama njiani wakawaonyesha watoto wao. Angalieni kwa Bwana Dameski, walisema. Huyo ndiye anayefuata masharti.

Aliendelea kukipangusa kisu jioni, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya kitu kingine saa hiyo. Lakini hakukipeleka tena shambani. Leokadia aliona. Wakiwa jikoni, akimenya mihogo, aliuliza bila kumtazama.

"Kile ulikichoma, ulipotoka Muyama?"

Nestori alisukuma ukuni ndani ya moto.

"Nimeishi na wewe miaka ishirini na mitatu," Leokadia alisema. "Sijawahi kuona moto ukikisogelea."

Akamenya muhogo mwingine mzima kabla ya kuendelea. Alisema kwamba shamba lao na la Hilali ndiyo pekee yaliyobaki mazima kwenye mstari ule, kwamba Imelda, binti yao, bado ana miaka miwili ya shule, na kwamba watu waliokosa mkungu wa kula hawatabagua kati ya kosa la makusudi na kosa la upumbavu. Rosa ana kaka Kibondo, alisema, anaweza kwenda. Halafu akaweka kisu chake chini, akafuta mikono, akamwomba taratibu asahau hilo la mwisho, alichukulie halikusemwa.

Kulikuwa na sheria ndogo ya kijiji, na Nestori alikuwamo kwenye kamati iliyoiandika. Anayeingiza machipukizi kutoka nje bila kibali, na ugonjwa ukazuka, shamba lake la migomba hung'olewa lote, migonjwa kwa mizima, na hapandi mgomba tena kwa misimu mitatu. Mkutano uliitishwa katikati ya Januari. Ulikuwa na ajenda moja, na ajenda hiyo ilikuwa na jina la mtu.

Walikaa kwenye madawati ya shule ya msingi. Shadia alikuja na daftari lake. Alieleza kwamba ugonjwa unaweza kuingia kwa njia nyingi na kwamba yeye hawezi kuapa ni machipukizi. Machipukizi yenyewe, alisema, bado ni mazima. Watu walimsikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mtu mwenye mshahara. Kisha mzee mmoja akasema wakimbizi huja na mengi. Pasikali alimkemea akamwambia hapa hakuna mkimbizi, kuna mwananchi aliyevunja sheria. Ilionekana kwamba Pasikali aliamini kuwa amemtetea Rosa.

Rosa alipewa nafasi. Alisimama na ile karatasi yake ya muhuri mkononi, ingawa hakuna aliyemwomba. Alisema machipukizi aliyaleta, hakatai. Alisema kama ni adhabu ya kutoomba kibali, atalipa. Lakini kung'oa mashina yote thelathini na manne, na pembeni yake kuna kaburi la mume wake, na kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo kijijini, hilo aliomba watu walifikirie. Akaketi.

Pasikali aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kupiga kura. Akamgeukia Nestori, kwa heshima. Mtaalamu wetu, alisema, hujasema kitu.

Nestori alisimama. Alikuwa ameandaa maneno tangu usiku, na yote yalianza na shemeji, ukame, harusi. Aliyaacha.

"Ni mimi," alisema. "Ni kisu changu."

Aliwaeleza kwa mpangilio. Alhamisi, Muyama, migomba miwili ya njano karibu na kijito. Alisema kwamba aliiona. Ijumaa, mafuta. Jumamosi, kwa Rosa, kwa Hilali hapana, kwa Dadi, kwa mwenyekiti. Alisema hakukichoma kisu kwa sababu alikihurumia. Neno hilo, kukihurumia, lilitoka peke yake, na alipolisikia masikioni mwake aliona aibu kuliko alivyoona kwa maneno mengine yote.

Shadia alikuwa ameacha kuandika. Mwenyekiti aliomba kukiona kisu, kikatolewa, kikapita mkono kwa mkono, na hata katika saa ile walikuwapo watu waliokigeuza kwenye mwanga ili waone michirizi. Kilipofika kwa Dadi alikikunja, akakiweka juu ya dawati.

"Mimi nimemcheka yule mama mbele ya watu," alisema. "Kumbe nacheka dhambi yako, Nestori. Na ulikuwapo. Ulicheka na wewe."

"Nilicheka," Nestori alisema.

Wengine walitaka shamba lake ling'olewe, lile zima, ili ajue. Wengine walitaka aondoke kwenye kamati, na hilo lilikubaliwa kwa sauti moja. Kofia aliirudisha papo hapo. Shadia ndiye aliyewatuliza, kwa jambo la kazi. Alisema kwamba kung'oa migomba mizima ya mtu yeyote ni hasara bila faida. Sasa kwa kuwa njia ya ugonjwa inajulikana, si lazima shamba zima la Rosa liondoke: ikatwe migomba iliyoguswa na kisu, hata kama haijaonyesha dalili, na ile ambayo haikuguswa ibaki na kuangaliwa. Ila lazima mtu aseme kwa hakika ni ipi. Akamtazama Nestori. Adhabu ya Rosa ikafutwa kwenye muhtasari, kwa mstari mmoja wa kalamu ya mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu walitoka wakizungumza juu ya mvua.

Usiku huo Nestori alikata galoni la mafuta ya kupikia, akatia maji na jiki, akakizamisha kisu kikiwa wazi. Shadia alisema dakika chache zinatosha. Alikiacha mpaka asubuhi. Kilitoka na rangi ya matope, kutu imejichimbia ndani ya michirizi, na alipokikunja pini ilikwaruza. Alikiweka juu ya kabati.

Alifika kwa Rosa jua likianza kupanda, akiwa na panga, jembe na kibatari cha kuchomea. Alikuwa amekariri njiani maneno ya kuomba msamaha. Rosa alitoka nje akifunga kitenge kiunoni, akampa salamu ya Kiswahili, fupi, kama anayompa karani.

"Bwana Nestori," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Nestori alianza kusema. Rosa alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono, na uso wake haukubadilika.

"Kuhusu kisu, nimeelewa," alisema. "Mtu anapenda kitu chake. Mume wangu alikuwa na baiskeli. Lakini ugonjwa ulitoka Novemba na mkutano umekuwa Januari. Siku zote hizo nilikuwa napita hapo njiani unaniona."

Nestori alisema ndiyo, alikuwa anamwona.

"Basi. Nionyeshe uliyoigusa."

Wakaanza juu, pale alipoanzia Jumamosi ile. Alikumbuka kuliko alivyotazamia. Mkono wake ulikumbuka: huu ulikuwa na kikonyo kinene, huu alilazimika kukanyaga jiwe ili aufikie, huu ulimdondoshea utomvu begani. Rosa alikuwa na vipande vya khanga kuukuu. Kila aliposema huu sikuugusa, ulikuwa bado haujatoa ua, Rosa alifunga kitambaa kwenye shina. Kila aliposema huu ndio, Rosa alisogea, naye akakata chini kabisa, akachimba moyo wa shina kwa jembe, akapitisha chuma motoni, wakaendelea. Hawakuzungumza mambo mengine. Maji ya kunywa hakupewa, na hakuyatarajia. Kufikia saa tano walikuwa wamepita mashina ishirini na saba. Kumi na mawili yalikuwa chini, na ute wa njano ulikuwa umetoka hata kwenye mengine ambayo kwa nje yalionekana mazima.

La ishirini na nane lilikuwa karibu na kaburi. Mgomba wake mkubwa ulikuwa na mkungu wa vichane tisa, umejaa, umebakiza wiki mbili tatu, mkubwa kuliko yote iliyosalia shambani. Majani yalikuwa ya kijani. Ua dume halikuwapo.

Nestori alisimama chini yake akatazama kikonyo. Kilikuwa kimekauka, kimesinyaa, hakikuonyesha kama kilikatwa kwa kisu au kilivunjwa kwa mkono. Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kwamba hapo ndipo walipozungumza juu ya chakula cha harusi. Hakukumbuka mkono wake.

"Na huu?" Rosa aliuliza.

"Labda ulilivunja mwenyewe?"

"Mengine huwa navunja, mengine naacha. Wewe ndiye uliyekuwa na kisu."

Kipande cha khanga kilikuwa tayari mkononi mwake. Nestori alikiona. Aliona pia kwamba akisema sikuugusa, Rosa atakifunga, atakula mkungu wake, na pengine hakuna litakalotokea. Lingekuwa jambo la kwanza zuri alilompa tangu Oktoba.

"Sijui, dada Rosa," alisema. "Sikumbuki. Siwezi kusema sikuugusa."

Rosa aliutazama mkungu kwa muda mrefu. Alikipapasa kichane cha chini, ndizi baada ya ndizi, kama mtu anayepima nguo ambayo hatainunua. Kisha akakirudisha kile kitambaa kiunoni mwake.

"Basi kata," alisema, na panga lilipoinuliwa alikuwa ameshafika kwenye shina la ishirini na tisa, akimngoja.